Pedali, Hedifoni na Mikeka ya Fukayosi

Wanangu wa kidato cha kwanza na cha pili, shikamoo zenu nimezipokea, hata zile ambazo hamkuzitoa. Kaeni. Yule aliyekalia spika ashuke, spika si kigoda.

Kuanzia leo mimi ni mstaafu. Nimeitumikia klabu ya muziki ya shule hii tangu nikiwa na sauti ya kitoto: mtu wa nyaya, mtu wa vitufe, na mtu wa kulaumiwa. Sina pensheni, sina saa ya ukutani ya kuagwa nayo, na mgongo unaniuma kwa kuinamia pedali. Nina miaka kumi na saba. Mnacheka? Mama yangu hakucheka. Alitazama matokeo yangu ya Fizikia ya mtihani wa moko, akanitazama mimi, akasema, "Chagua. Waya au cheti."

Nikamjibu, "Mama, hiyo Fizikia yenyewe ni waya."

Akavua kandambili. Nikastaafu hapo hapo.

Sasa basi. Hii nyeusi iliyo sakafuni mbele yenu, yenye plasta pembeni, ndiyo pedali ya gitaa. Ina vitufe vya kukanyaga, na huo ubao wa kusukuma kwa unyayo, kama wa cherehani. Gitaa linaingia upande huu likiwa gitaa, linatoka upande ule likiwa chochote unachotaka: lenye mwangwi wa pangoni, lenye mkwaruzo wa kukereketa, lenye mawimbi. Na mara nyingi linatoka likiwa kitu ambacho hukukitaka kabisa. Hicho usichokitaka ndicho kilichonipa kazi miaka yote hii.

Aliyenifundisha kazi ni Dada Rehema, mwenye pedali yenyewe kabla haijawa yetu. Alisoma hapa Kerege kabla yangu, sasa anasomea mambo ya samaki kule Mbegani, na kila Jumamosi alikuja kutufundisha gitaa huku ananukia maabara ya samaki. Nisikilizeni: sijaona mtu anayepiga gitaa la solo kama yule dada. Akipiga, vidole vinatembea polepole kama mtu anayechambua mchele, halafu sauti inatoka imekwisha kuiva. Hana mbwembwe. Beni, mpiga besi wetu, ana mbwembwe za watu sita na sauti ya nusu mtu. Beni, najua utayasikia haya. Umesikia.

Dada Rehema alikuwa na tabia moja ambayo naona hata madaktari hawana. Sauti ikiharibika, hagusi kitufe. Anauliza kwanza: "Ilikuwa nzima lini, na tangu hapo nani kagusa nini?" Hapo ndipo utawaona watu wanakumbuka wana safari.

Nawapa mfano. Mwaka wangu wa kwanza gitaa lilianza kukatika katika. Linasema, linanyamaza, linasema. Dada akauliza swali lake. Nikajibu kwa fahari kwamba hakuna aliyegusa kitu, ila mimi nimezifanyia jeki huduma. Huduma gani? Wanangu, huku kwetu hewa ina chumvi, jeki, hicho kichwa cha waya cha kuchomeka, ikikaa wiki chache inaota ukijani. Na mimi nyumbani kwa bibi nimekua nikijua dawa moja ya kila kitu: kikikauka, kikilia, kikikwama, kipake mafuta ya nazi. Bawaba, kisigino, nywele, cherehani. Nikazipaka jeki zote mafuta ya nazi, yale mazito, ya kukamua nyumbani.

Dada Rehema akaichomoa jeki, akainusa. Akachungulia tundu la pedali. Sisimizi wakatoka mmoja mmoja, kwa adabu, kama wanatoka msikitini.

"Umempikia nani?" akaniuliza.

Hakunigombeza. Alinipa ufutio wa penseli, akanionyesha namna ya kuisugua jeki mpaka ing'ae, kisha spiriti kidogo kwenye pamba kwa ajili ya matundu. Kazi hiyo niliifanya siku nzima huku Beni akiniita Mama Ntilie. Jina lilikaa nami mpaka kidato cha pili. Kwa hiyo: ufutio na spiriti. Mafuta ya nazi ni ya wali.

Mwingine. Kwenye kitchen party moja hapa hapa Kerege, spika zilikuwa zinatoa tiriri-tiriri-tiriri, kila baada ya muda. Tukabadilisha waya. Tiriri. Tukabadilisha soketi. Tiriri. Bibi harusi mtarajiwa akaanza kudhani ni sehemu ya wimbo, akawa anachezesha mabega hapo. Dada akauliza swali lake, macho yake yakatua kwenye pedali. Juu yake imelala simu ya Beni, imewekwa pale isikanyagwe, na kuna msichana anamtumia ujumbe kwa fujo. Simu na pedali vikae mbalimbali. Na Beni, yule msichana alikuwa anakuuliza utamrudishia lini chaja yake, tulisoma wote.

Hayo ni makosa ya kawaida, yanachekesha na yanapita. Ninalotaka mlishike ni la Fukayosi, kwa sababu pale Dada Rehema nusura aache gitaa moja kwa moja.

Baba yake ni Mzee Kondo wa Fukayosi. Ukitaja ngoma pande zile umemtaja yeye. Hachezi tu na ngozi, anaisikia. Kabla ya kupiga anawasha moto wa makuti, anaiinamisha ngoma yake juu ya moto, anaigonga kwa kidole, anasikiliza, anaigeuza tena, mpaka ngozi ikaze inavyotakiwa. Wakati Dada alipokuwa mdogo ndiye aliyemletea makuti.

Mzee huyu hakulipenda gitaa, na sababu yake haikuwa ile mnayoifikiria. Dada akiwa nyumbani alifanya mazoezi na hedifoni, kwa heshima, asiwasumbue wanaolala na wanaosali. Kwa hiyo ndani ya masikio yake kulikuwa na bendi nzima, lakini nje, ukutani kwa baba yake, kulisikika tik, tik, tik, kama panya anayetafuna ukili. Mzee aliisikiliza ile tik tik miaka. Siku moja akamwuliza, "Chombo gani hiki kinachomwimbia mwenyewe peke yake?"

Dada alituhadithia Jumamosi moja, anacheka, lakini si kicheko chake.

Ikaja harusi ya mdogo wake, Mwajuma. Mzee akamwambia: siku hiyo baada ya alasiri, kabla ya ngoma zangu, utapiga hilo gitaa lako mbele za watu. Nitalisikia kwa masikio yangu. Likiwa ni chombo cha watu, mimi sitasema tena. Likiwa ni kelele, uliuze, umalize samaki wako. Na Dada Rehema si mtu wa kumdanganya baba yake. Akikubali, amekubali. Alikubali.

Wiki mbili alizitumia kutengeneza sauti kwenye pedali, na hedifoni masikioni. Akanipa nisikilize. Wanangu, ilikuwa tamu kinoma! Mwangwi unazunguka kutoka sikio hili kwenda lile, mkwaruzo laini kama kupapaswa, besi inapumua. Nilimwambia, "Dada, mzee atalia." Kumbe ni kweli angelia, ila kwa maumivu.

Tukapanda kirikuu, kile kigari cha mizigo, na vyombo vyetu, mimi nyuma nimeikumbatia pedali kama mtoto wa watu. Kufika Fukayosi tukakuta turubai limefungwa, mikeka imetandikwa, masufuria yanachemka nyuma ya nyumba, na jenereta linanguruma. Mzee Kondo alikuwa ameketi pembeni na ngoma yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hamjambo? Watokako hawajambo?" Akanipima kwa macho. "Na wewe ndiye fundi?"

"Ndimi, mzee."

"Mbona mdogo?"

"Nitakua, mzee."

Akaguna. Sikujua kama amecheka au amekohoa.

Tukafunga vyombo kwenye spika kubwa za kukodi. Dada akakanyaga kitufe, akapiga uzi mmoja kujaribu. Loo! Kukatoka kitu. Mngurumo chini, mlio wa nyuki juu, na katikati, pale gitaa linapotakiwa kuwa, patupu. Watoto wakaziba masikio. Kutoka mkekani sauti ya Bi Tatu, shangazi yake Dada, ikapaa: "Rehema mwanangu, hilo ni gitaa au umefungulia mzinga?"

Mikeka yote ikacheka. Mzee Kondo hakucheka. Alitazama ngoma yake tu.

Hapa sasa fungueni masikio. Mtu mwingine angeanza kuzungusha kila kitufe kama anatafuta stesheni ya redio. Dada Rehema alichomoa gitaa kwenye pedali, akalichomeka moja kwa moja kwenye mikisa, ule mtambo wa kuchanganyia sauti. Tik, tong, tong. Gitaa jepesi, halina chumvi, lakini safi.

"Gitaa zima, spika nzima," akasema. "Ugonjwa uko katikati."

Ndivyo inavyofanyika. Usitafute kitu kilichoharibika, ondoa kwanza vilivyo vizima. Tukarudisha pedali, tukabadilisha waya mmoja mmoja, si wote kwa mpigo, maana ukibadilisha wote na ikapona hutajua nani alikuwa mchawi. Mngurumo haukuondoka. Dada akachomoa adapta, akaweka betri. Mngurumo ukakata! Kumbe ulikuwa unatoka kwenye jenereta na kupitia umeme wake. Mchawi mmoja kalala.

Kisha akaniuliza, "Waya wa kutokea umeuchomeka wapi?"

"Hapa, Dada." Nikaonyesha tundu la kulia.

Pedali ina matundu mawili ya kutokea, kushoto na kulia. Ukiwa na waya mmoja, lazima uwe kushoto, hapo sauti zote mbili zinakusanyika. Ukichomeka kulia, unapata nusu. Ule mwangwi uliokuwa unazunguka masikio mawili, sasa nusu yake ilikuwa inazunguka na kupotelea hewani. Nikauhamisha. Katikati pale pakajaa kidogo.

Kidogo. Sauti ilikuwa bado mbovu, wanangu, na sasa hakukuwa na kitu cha kusingizia. Dada alipiga ule wimbo wake wa kufungulia, na pale kwenye spika nilipokuwa nimesimama mimi nilisikia uji. Noti ya kwanza haijafika, ya tatu imekwisha kuigonga mgongoni. Beni akaninong'oneza, "Tukimbie sasa hivi au tule kwanza?"

Adhana ya alasiri ikaanza. Tukazima kila kitu. Watu wakaenda kusali, Dada naye akaenda na wanawake. Mimi nilipomaliza kusali nikarudi kukaa na pedali, nikavaa hedifoni, nikapapasa nyuzi, nikasikiliza tena zile sauti. Tamu! Bado tamu vile vile. Nilitamani kwenda mkekani nimvalishe Mzee Kondo hedifoni kichwani, yaishe.

Dada aliporudi alinikuta hivyo. Akanivua hedifoni taratibu. Alikuwa anatazama kule nyuma ya nyumba, mahali ambapo baba yake alikuwa amepashia ngoma mchana, majivu ya makuti bado yanafuka.

"Baba akialikwa kwingine hajawahi kupasha ngoma nyumbani," akasema, kama anajisemea. "Hata iwe harusi ya mbali vipi. Anakwenda na ngoma imelegea, anaikaza kule kule. Anasema hewa ya kila uwanja ni nyingine." Akaigeukia pedali. "Mimi nimeipasha yangu chumbani."

Halafu akawasha spika, akanivika gitaa.

"Dada, mimi?"

"Piga."

"Mimi najua wimbo mmoja, na wenyewe nusu."

"Piga hiyo nusu. Usiache mpaka nikwambie."

Akavua viatu, akaenda kuketi mkekani katikati ya wanawake, karibu na Bi Tatu. Akafumba macho. Nami nikaanza kupiga ile nusu ya wimbo mbele ya ukoo mzima wa Mzee Kondo.

"We mtoto," Bi Tatu akapaza, "huo wimbo hauna mbele?"

"Sijafika huko, bibi!"

"Mwacheni," akasema mwingine, "anaita mvua."

"Mvua ije, lakini yeye anyamaze!"

Nilipiga. Jasho likanitoka mpaka kwenye kope. Beni alikuwa amepiga magoti kwenye pedali, na Dada anamwonyesha kwa mikono kutoka mkekani. Kiganja chini: mwangwi upungue. Chini tena. Beni akashangaa, maana mwangwi ndio ulikuwa fahari yetu. Chini tena! Kisha mkwaruzo, ukashuka karibu uishe. Besi ikakatwa, ule mlio wa juu ukakatwa. Halafu akanyanyua kiganja polepole kwa ile sauti ya katikati, ile ambayo kwenye hedifoni inaudhi kama mtu anayeongelea puani. Juu. Juu kidogo tena. Akahama, akaenda kukaa mwisho wa turubai walipo wazee. Akasikiliza kutoka huko. Akahamia jikoni.

Na mimi nusu wimbo, nusu wimbo. Lakini nawaambia kitu: kadiri alivyohama, Bi Tatu alizidi kupunguza matusi. Mwishoni alikuwa anautikisa mguu. Nusu wimbo wangu mbovu, kwa mara ya kwanza, ulikuwa unasikika ubovu wake noti kwa noti.

Baadaye nilimwuliza Dada, akanieleza. Hedifoni zinakuwekea sauti ndani ya kichwa, hakuna upepo, hakuna maongezi, hakuna masufuria. Mwangwi kidogo ni raha kwa sababu kichwani hakuna kingine. Ukipandisha kwenye spika kubwa, besi na mlio wa juu vinavimba, mkwaruzo unageuka nyuki, na ile ya katikati inazama, wakati ndiyo inayobeba gitaa mpaka kwa mtu aliyeketi mbali. Kwa hiyo sauti inayopendeza mkekani, ukiisikiliza kwenye hedifoni utaiona kavu, haina maana. Iache hivyo hivyo. Haikutengenezwa kwa ajili yako.

Akarudi, akachukua gitaa lake. Aliufuta mkono mmoja kwenye khanga, kisha mwingine. Mzee Kondo alikuwa mbele kabisa, kidevu juu ya ngoma.

Akapiga.

Sina maneno ya kuwapa hapa, na mnajua si kawaida yangu. Ilikuwa kavu, ya karibu, kila noti inakuja yenyewe inakusalimu kwa jina. Nilikuwa nimemsikia akipiga mara nyingi chumbani na darasani, na nikatambua kwamba sikuwahi kumsikia. Masufuria jikoni yalinyamaza. Bi Tatu alisema tu, "Eeh," kama mtu anayeonja mchuzi.

Halafu Mzee Kondo akasimama.

Akaibeba ngoma yake begani, akatupa mgongo, akaondoka. Wimbo haujafika hata katikati.

Dada alimwona. Nilikuwa karibu, niliona kidole kimoja kikiteleza. Hakuacha. Aliendelea kupiga, macho chini kwenye pedali, midomo ameibana. Beni akanitazama, akatikisa kichwa. Mimi nikajifanya nakwenda kutazama jenereta, nikamfuata mzee nyuma ya nyumba.

Alikuwa ameinama juu ya majivu. Ameyapuliza, ameongeza makuti, moto umeshika. Ngoma ameiinamisha juu yake, anaigonga kwa kidole, sikio moja ameligeuzia uwanjani kwenye gitaa. Anagonga. Anasikiliza gitaa. Anageuza ngozi. Anagonga tena, anasonya.

"Mzee," nikathubutu, "si uliipasha mchana?"

"Niliipasha," akasema bila kunitazama. "Imelegea. Husikii? Mwenzake amekaza."

Nilirudi mbio kama mwizi. Sikuweza kumwambia Dada, kwa kuwa alikuwa anapiga. Nikachuchumaa mbele yake, nikamwonyesha kwa mikono: moto, ngoma, kidole, sikio. Alinitazama kama anayetazama mwendawazimu. Kisha akaelewa, maana yeye ndiye mtoto wa makuti. Akainua uso.

Wimbo uliisha. Watu wakapiga vigelegele, yeye akaanza kulivua gitaa, zamu yake imekwisha, zamu ya ngoma imefika. Mzee Kondo alikuwa anarudi na ngoma inafuka moshi. Akaketi, akaiweka katikati ya magoti, akamtazama binti yake ameshika mkanda wa gitaa.

"Unakwenda wapi?" akamwuliza. "Nimekaza kwa ajili ya nani?"

Basi wakapiga wote wawili mpaka jua lilipokaribia kuzama, na Mwajuma, bibi harusi, alisahau kwamba anatakiwa kulia.

Mwaka huu Dada amenunua pedali nyingine, hii akatuachia. Zile sauti za Fukayosi bado zimo, kitufe cha kwanza. Msizifute, lakini msizitumie pia, zilikuwa za uwanja ule na hewa ile. Betri ziko kwenye kopo la Blue Band, ufutio na spiriti viko kwenye soksi. Waya mmoja, tundu la kushoto. Beni asisogee na simu.

Hedifoni mtazitafuta kabatini na hamtaziona. Ninazo mimi, nazivaa nikisoma Fizikia, mama anaongea sana. Ninyi mikeka ile pale imekunjwa kwenye kona. Mmoja apige, mwingine akakae.